Kadi ya "Baba"

Katika ofisi ya kamusi, mzee mhariri alikuwa na sharti moja lililowatoa watu jasho: mfano wa kubuni hapokei. Kila neno liwe na kadi yenye sentensi iliyosemwa kweli, na mifano ya maneno ya nyumbani itoke nyumbani kwa mwandishi mwenyewe. Mwandishi wa herufi B, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mtu wa utani mwingi, hakuona taabu mpaka alipofika kwenye "baba".

Maana za lugha za ng'ambo alizimaliza asubuhi moja. Kwa Kituruki na Kiyoruba, baba ni baba. Kwa Kirusi ni bibi. Kwa Kijapani ni kikongwe wa kike, tena bila heshima. "Ukienda huko chunga mdomo," akawachekesha wenzake. Kuhusu asili, wataalamu wengi wanamsingizia mtoto mchanga: yeye anafumba na kufumbua midomo tu, wakubwa wanagawana sauti, kila lugha na maana yake.

Pale pa mfano pakabaki patupu. Baba mzazi hakumjua. Aliyemlea ni seremala aliyemwoa mama yake, yeye akiwa na miaka tisa. Siku ile ya kwanza alimwita Fundi kwa kiburi cha kitoto, na Fundi likanata miaka thelathini na miwili. Mzee wa watu hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma mwandishi zaidi.

"Kesho naifunga B," mhariri akamwambia. "Kadi yako moja iko wapi?"

"Inakuja, mzee."

Angeweza kudanganya, nani angejua? Lakini alijionea haya. Jioni akapitia karakana. Fundi alikuwa ameinama akipiga randa ubao wa mlango. Mwanamke akasimama kizingitini, ule utani wake wote umemkimbia.

"Baba," akasema, "acha kazi sasa, twende ukale."

Randa ikasimama. Fundi akageuza shingo, akatazama nyuma yake kwenye rundo la mbao, kisha dirishani, akimtafuta aliyeitwa.

"Kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Nakuita wewe."

Mzee akaiweka randa chini taratibu, akajipangusa vumbi la mbao mikononi.

"Hebu sema tena," akasema. "Masikio yangu siku hizi."

Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Mwanamke akasema tena.