Honi Tatu za Jioni

Treni ya jioni kutoka mji mkuu ilipita kwenye geti saa kumi na mbili kasoro kumi, na kwa wiki tatu sasa dereva wake, aliyeitwa Ngongoti kwa urefu wake, alikuwa akipiga honi tatu fupi kabla hajaikata kona. Madereva wengine hawakufanya hivyo. Mlinzi wa geti la reli alizisikia zote tatu, na kila moja ilimchoma.

Maana ndani ya treni hiyo alikuwamo mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare mjini na kurudi kila siku. Zamani alipanda behewa la mwisho. Siku hizi, treni iliposimama stesheni hatua chache mbele ya geti, alishuka behewa la kwanza, akampungia Ngongoti mkono, na mlinzi aliona yote kutoka kibandani mwake. Alipomuuliza mbona amehama, aliambiwa kule mbele kuna upepo. Upepo gani huo unaomfanya mke wa mtu atabasamu? Wivu ulimkaba.

Basi akapiga moyo konde, akamwandikia barua mkuu wa stesheni. Kanuni aliijua kwa kichwa: honi hupigwa penye kibao chake kando ya reli, si kabla. Akatia saini kwa mbwembwe, akaipeleka kifua mbele.

Alhamisi wakaitwa wote wawili ofisini. Ngongoti aliisoma barua, kisha akamtazama mlinzi kwa huruma, jambo lililomkera zaidi. Mkuu akauliza honi hizo alikuwa akimpigia nani.

"Huyu hapa," akasema Ngongoti. "Namwamsha."

Akaeleza, shingo upande, kwamba wiki tatu zilizopita alikuta geti liko wazi na mlinzi amelala fofofo kitini. Alitaka kutoa taarifa, lakini fundi cherehani mmoja, aliyeliona geti wazi kutoka dirishani, alimfuata mpaka mlangoni kwake nyumbani, akamlilia. Wakakubaliana yeye apige honi mapema, na yule mama akae behewa la mbele, ahakikishe kwa macho yake kwamba geti limefungwa.

Mlinzi aliikumbuka siku ile. Alishtuka mabehewa yakipita, akalifunga geti haraka, akaamini hakuna aliyemwona. Sasa alitamani aimeze barua yake, lakini ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Jioni hiyo alikuwa nyumbani, funguo za geti ameshazikabidhi. Mkewe aliingia, akasimama bila kuvua viatu.

"Wiki tatu namtunzia mume wangu kazi," akasema. "Wewe ukaenda kujishtaki mwenyewe."

Mlinzi alikuwa amejipalia makaa, na alilijua hilo. Aibu ilimjaa tele. Alitaka kuomba radhi, radhi ya kweli, na mdomo akaufungua kwa ajili hiyo.

"Hapo mlangoni kwake," akajikuta anauliza, "ulilia muda gani?"

Mkewe akachukua pochi yake, akaenda kwa dada yake.