Semina ya Mbuzi

Maneno yalianzia mashineni, kwenye foleni ya kusaga, na yalipomfikia Mama Kicheko yalikuwa yameshanenepa: mwanamke atakayekosa semina hata mara moja, mbuzi wake anapewa mwingine.

Shirika lilikuja kijijini na mpango mzuri, hilo tusilifiche. Kina mama wenye watoto wadogo walifundishwa malezi: chakula, usafi, kuhara, homa. Mafunzo yakiisha, kila kaya ipate mbuzi wa maziwa, watoto wawe na cha kunywa. Mwalimu wa shirika, dada mpole mwenye sauti ya kukwaruza, hakuwahi kusema kwamba kuna atakayenyang'anywa. Ila hakuwahi kusema pia kwamba hakuna. Hapo katikati ndipo umbea ulipojenga nyumba.

Mama Kicheko alijaribu kuyapuuza. Akipepeta mahindi, anayasikia. Akilala, yamo. Mwanawe, ambaye kila mtu alimwita Kicheko kwa kuwa ukimwita tu anacheka kabla hajageuka, alikuwa ameacha ziwa juzijuzi, na maziwa ya kununua hayakuwa ya mtu wa mfuko wake. Mbuzi yule alikuwa ameshamjengea banda uani, na jina ameshampa.

Siku ya somo la mwisho mtoto aliamka mwili moto.

"Leo siendi," alimwambia wifi yake aliyekuja kumpitia.

Wifi akajishika kiuno. "Haya, kaa. Mbuzi wako nitamkamua mimi, wala usijali. Nitakuletea hata kikombe."

"Wifi, mtoto anachemka."

"Watoto wa nani hawachemki? Bibi yake si yupo? Au humwamini mama?"

Mama mkwe alikuwa hapo hapo mlangoni, anasikia kila neno. Basi Mama Kicheko akaingia ndani. Alimpa mtoto nusu ya kidonge cha homa kilichobaki kwenye kabati, akamlaza mkekani, akamwita jina. Mtoto akafumba macho. Ametulia, alijiambia, dawa imeanza kazi. Akatoka.

Walifundishwa kwenye darasa la shule ya msingi, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwalimu alitundika bango la picha ubaoni. Somo lilikuwa homa. Alieleza polepole, akirudia, akionyesha kwa kijiti. Mama Kicheko alikaza macho kama mtu anayetaka aonekane anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kweli, lakini kwa ajili ya mbuzi.

"Nani atatuambia dalili za hatari?" Mwalimu aliuliza. "Wewe mama pale, leo hujasema kitu."

Akasimama. Tangu alipokuwa shule alikuwa hodari wa kukariri. "Mtoto mwenye homa akikataa kunywa au kula. Akitapika kila kitu. Akilala usingizi mzito, ukimwita asiitike. Akishikwa na degedege. Hapo usingoje, mkimbize hospitali."

"Mpigieni makofi!"

Makofi yakalia. Wifi akapiga kigelegele. "Huyo ndiye wifi yangu! Mpeni mbuzi wawili huyo!" Darasa zima likacheka.

Ni ndani ya makofi yale ndipo maneno yake mwenyewe yalipomfikia. Asubuhi alimwita mtoto. Mtoto hakucheka. Uji wa jana jioni ulikuwa bado kwenye kikombe, umeganda.

Hakukaa. Aliutazama mlango.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "nikitoka sasa hivi, mbuzi wangu anakwenda kwa nani?"

Wakacheka tena. Mwalimu hakucheka. "Mbuzi ni wa kila kaya, mama. Hata aliyekosa siku moja atapata. Nani kawaambia vingine?"

Wifi alikuwa anatazama kucha zake.

Mama Kicheko alikimbia, viatu akaviacha chini ya dawati. Alipofika nyumbani, mama mkwe alijiwekea kidole mdomoni.

"Taratibu, mwanangu, usimwamshe. Tangu uondoke hajasumbua hata kidogo. Nimemsifu."

Mtoto alikuwa macho yamegeuka juu, mkono mmoja unarukaruka wenyewe.

Mwalimu alikuwa amemfuata na gari la shirika, nalo ndilo lililowapeleka hospitali. Mwalimu alikaa nyuma nao, akimshika mtoto kichwa. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. "Mngekuja asubuhi," alisema, tayari akitafuta mshipa wa sindano.

Mtoto alipona. Watu walimwambia mama ashukuru, na anashukuru. Lakini mlango ukibamizwa nyuma yake, mtoto hashtuki. Masikio hayakurudi. Mbuzi aliletwa kama ilivyoahidiwa, anatoa maziwa mazuri, mtoto anakunywa na kunenepa. Mama Kicheko humpa kikombe bila kusema neno, maana hajui tena aseme na nani.

Wewe mama unayesoma haya, shika yafuatayo:

Usimwache mtoto mwenye homa uende popote, hata kama unakwenda kufundishwa homa.

Usimpe vidonge vilivyobaki kabatini ukaridhika.

Usiseme "ametulia" kabla hujamwamsha ukamwona anakutazama.

Usishike habari ya shirika uliyoiokota kwenye foleni. Muulize mwenye shirika, na uulize mapema, hata wakikucheka.

Usiogope kumuudhi wifi wala mama mkwe. Watanuna, kisha watasahau.

Usijifunze ili ujibu vizuri.

Na ninyi wa mashirika, msilete zawadi bila kutamka siku ya kwanza ni ya nani na kwa masharti gani. Mkinyamaza, sisi tutajaza wenyewe.