Sajini Bomu na Barua ya Kahindi

Mbwa wa kambi alikuwa na namba ya jeshi. Kahindi hakuwa nayo. Hilo nalikumbuka mpaka leo, na anayeniambia nisahau anapoteza pumzi yake.

Mwaka wa tisini na tano mbwa huyo, Bomu, alipandishwa cheo akawa sajini. Akavikwa koti jekundu lenye tepe tatu, akawa anaitangulia bendi kila gwaride. Posho yake ya nyama haikuchelewa hata siku moja. Kahindi ndiye aliyeipika nyama hiyo, akamwogesha mbwa, akamtoa kupe. Alikuwa kibarua wa jikoni mwaka wa kumi na moja, hana barua ya kazi. Kila mwaka akiambiwa barua inakuja.

Wiki moja kabla ya sikukuu, vibarua wote wakasimamishwa. Wageni wakubwa wanakuja, ati, kambi ionekane safi.

Siku ya gwaride nilimkokota Kahindi, jirani yangu, hadi uwanja wa Tononoka.

"Twende ukamwone mdogo wako aliyekupita cheo."

Hakucheka.

Bendi ikaanza. Bomu akatangulia hatua ishirini hivi, akainua pua, kisha akakata uwanja moja kwa moja hadi kwenye kamba ya watazamaji. Akaketi miguuni pa Kahindi. Askari akamvuta ukanda. Mbwa akajilaza kama gunia la mchanga.

"Sajini kagoma!" akapaza sauti Mwanakhamis, muuza mahamri, huku akilikusanya buibui lake lisiguswe na pua ile. "Mwongezeni tepe, atainuka!"

Uwanja ukaangua kicheko. Jukwaani wageni wakainamia ratiba zao.

Kesho yake asubuhi Luteni Nicanor akaja Majengo, mtaani kwetu, na gari la jeshi.

"Kahindi, ndugu yangu, mbwa hali chakula."

"Pole zake, Bwana Luteni. Mimi si mtu wa kambi."

"Wewe ni mtu wa kambi. Barua yako hii hapa. Tia kidole."

Kahindi akanitazama. Yeye hakusoma, mimi nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia maandazi. Nikasimama mlangoni nikaisoma kwa sauti, mtaa mzima usikie: jina lake, namba yake, kazi yake mtunza mbwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Kahindi akatia kidole gumba. Nilikuwa na haraka ya kushangilia, sikuigeuza karatasi.

Niliigeuza alasiri, gari limeshaondoka. Nyuma palikuwa na mstari mmoja: ajira hii itakoma siku mbwa atakapokufa.

Bomu alikuwa na miaka tisa.

"Tutaandika malalamiko," nikamwambia. "Tutakwenda hadi kwa mkuu wao."

"Umeshanisomea vya kutosha," akanijibu, bila hasira, akaikunja barua akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo alikuwa akifika jikoni kabla ya wapishi wote. Nyama ya Bomu aliichemsha mpaka ikalainika, akaichambua kwa vidole, akatoa kila kifupa. Meno ya sajini yalikuwa yameanza kulegea.