Baba Anapiga

…na bado anaongea, mkurugenzi, amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake, mfumo umezimika tena na ofisi nzima imekaa mikono mapajani, jambo ambalo hapa si tofauti kubwa, nami kidole kiko juu ya kitufe cha kuwasha jedwali jipya la wateja, sababu naijua, kila mteja aliyewahi kupita kwetu mfumo umemkumbatia asitoke, kumbukumbu ya kompyuta imejaa pomoni, na mle ndani yumo mfagiaji, programu tu, mpole, anapita akizoa visivyoshikwa na yeyote, lakini azoe nini ikiwa jedwali letu la zamani limevikaba vyote… hili jipya nililoandika linashika kwa ncha za vidole, mteja akiwa bado anahitajika mahali pengine, yumo, akiachwa na wote, nalo linamwachia, bila kikao, bila muhuri, hilo la muhuri nisimwambie… simu inatetemeka kwenye droo, si yangu, ya baba, kampuni ya simu inamwandikia tena, mpendwa mteja, laini yako haijatumika, isipotumika leo namba atapewa mwingine, mpendwa mteja yuko kaburini tangu mvua za mwaka juzi na hata huko hawampi nafasi, na kosa ni langu, mimi ndiye ninayemwekea vocha kila wakiandika hivi, mimi ninayeipigia simu yangu kwa simu yake, ili kioo kiwake na kuandika Baba, siipokei, naiangalia tu ikiita, kaka anasema, dada, marehemu ana salio kuliko mimi niliye hai… "Kwa hiyo tunawafuta watu?" mkurugenzi anauliza, ameacha kunywa. "Hatuwafuti, bosi. Aliyeshikwa kwingine hapotei. Sisi tunaacha kumkaba tu…" na sauti yangu inanirudia kama ya mtu wa chumba cha pili, aliyeshikwa kwingine, kaka anakohoa kikohozi kilekile cha baba kabla ya kusema uongo, mama analala upande wake wa kitanda na ule mwingine hauvuki, shangazi hajui kufuta namba ya baba, siku moja atapiga, aulize, kaka, umekula, na mgeni fulani, mwenye laini mpya, atashangaa, halafu, kwa adabu tu, atajibu nimekula… droo inatetemeka tena, mkurugenzi anataka kujua kama hili halihitaji kwanza barua ya kibali, kidole changu bado kiko palepale, droo siifungui.