Taa Tatu za Korido

Fundi saa alijigonga goti saa saba mchana, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa akitoka jikoni na sahani ya chakula cha jana, akapita koridoni kama alivyopita miaka thelathini na mmoja, na kona ya kabati la viatu ikamlaki. Sahani ikaenda kivyake, yeye kivyake. Akakaa pale sakafuni akilisugua goti, akangoja mtu aulize, "Kuna nini huko?" Ilimchukua muda kukumbuka kwamba hakuna wa kuuliza.

Zamani korido ile haikuwa na giza kiasi hicho. Haikuwa na dirisha wala taa, lakini ilikuwa na milango mitano, na watoto walipokuwapo milango ilishinda wazi, mwanga wa vyumbani ukamwagika nje. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, milango ikafungwa vumbi lisiingie. Mkewe alikuwa akimwambia, "Mzee, korido ina giza. Tuwekee taa." Naye akijibu, "Wiki ijayo," bila kuinua kichwa mezani. Mtu aliyerekebisha saa za mji mzima alimpigia mkewe kalenda miaka mitatu, mpaka mke akafariki, mwaka jana.

Safari hii aliyesema ni binti yake, muuguzi wa nchi ya mbali, kwenye simu. "Baba, weka taa. Na usiniambie wiki ijayo."

Akaenda duka la vifaa vya umeme. Muuzaji, mtu mnene mwenye maneno mengi, akamuuliza korido ina urefu gani.

"Hatua kumi na nne. Upana, nikipanua viwiko nagusa kuta zote mbili."

"Na nyumbani mko wangapi?"

"Sita," akasema fundi saa. Neno lilimponyoka, na likishatoka akaona haya kulirudisha. Basi muuzaji akamchagulia taa ya watu sita: dude la vioo la kuning'inia darini, lenye matawi manane. "Wageni wakiingia watashika vinywa," akamhakikishia.

Kesho yake fundi umeme alipofika na ngazi begani, alilitazama dude lile, akamtazama mwenye nyumba kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaangua kicheko. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye buti kubwa na penseli sikioni.

"Baba, hii itakupiga utosini kila ukienda chooni. Dari yenyewe nikinyoosha mkono naigusa."

"Muuzaji alisema..."

"Muuzaji haishi humu. Twende tukaibadilishe."

Wakaenda pamoja, na njia nzima fundi saa alitamani duka lingekuwa mbali zaidi. Fundi umeme akachagua taa tatu ndogo za ukutani, zinazomwaga mwanga juu na chini. Akakataa balbu za mwanga mweupe. "Hizo ni za hospitali. Nyumbani unataka mwanga wa manjano kidogo, mtu akitoka chumbani asijione mgonjwa."

Waliporudi akauliza swichi ziwe wapi. "Mimi nasema mbili. Moja hapa mlango wa mbele, nyingine kule mwisho. Ukiwashia huku, unazimia kule."

"Kule mwisho halali mtu. Mimi nalala sebuleni siku hizi."

"Leo halali. Kesho hujui."

"Haya, weka."

Akachimba ukuta, akapitisha waya, akapiga nyundo. Fundi saa akashika ngazi, ijapokuwa ngazi haikuhitaji kushikwa. Alisimulia habari za saa za ukutani zinazochelewa wakati wa baridi, fundi umeme akiitikia "Ehe" na misumari mdomoni. Mwaka mzima nyumba haikuwa na kelele nzuri kama ile.

Saa kumi kazi ikaisha. "Washa mwenyewe," akasema fundi umeme. Fundi saa akabonyeza. Mwanga ukateremka ukutani taratibu mpaka sakafuni.

Ukutani, usawa wa kiuno, kulikuwa na mstari mweusi, upana wa kiganja. Ulianzia mlango wa chumba cha kulala, ukakatika kwenye kila mlango na kuendelea ng'ambo yake, mpaka jikoni.

"Nani alikuwa haoni humu?" akauliza fundi umeme kwa upole. "Kwa bibi yangu kuna ukuta kama huu."

"Hakuna," akajibu. Lakini alikwisha kutoa mfukoni kioo chake cha kazi, akakibana jichoni na kuinama. Vikaonekana wazi: vidole vinne vyembamba, vimepita palepale mara elfu. Vyake ni vinene, na yeye ni mrefu. Mkono wake ungepita juu zaidi.

Fundi umeme akakusanya vifaa. Alikaribishwa chai, akasema ana kazi nyingine mtaa wa pili. "Ninamjua mpaka rangi mzuri," akasema mlangoni. Fundi saa akatikisa kichwa.

Akampigia shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi.

"Dada yako alikuwa haoni?"

"Pembeni aliona kidogo. Katikati ndiko kulikufa. Miaka mitatu."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikwambia, shemeji. Si alikwambia korido ina giza? Alikuwa anangoja umuulize giza gani."

Fundi saa akakaa kwenye kochi. Akakumbuka chai iliyofurika vikombe, naye akimtania kwamba ana mkono wa ukarimu. Nguo aliyoacha kuishona katikati, akisema amechoka tu. Yote aliyaona, akajitia hamnazo kwa sababu kulikuwa na saa ya mtu mezani.

"Wewe uliishi kwa macho yako," shemeji akaendelea. "Aliona haya kukwambia ya kwake yanakwisha."

"Njoo uone ukuta," akasema.

Alikuja Jumapili. Hakuketi kwanza, aliusogelea ukuta, akauweka mkono juu ya mstari, ukaenea sawasawa. Akatembea nao taratibu mpaka jikoni, akabaki huko kitambo, fundi saa akimsikia akipenga kamasi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimekukasirikia mwaka mzima," akasema.

"Na sasa?"

"Bado." Akavuta kiti. "Lakini nitakuja Jumapili nyingine. Usiupake rangi."

Wakanywa chai. Alimsimulia jinsi dada yake alivyohesabu hatua usiku na mchana, na jinsi alivyomsifia mumewe kwa majirani kwamba hana mpinzani kwa kazi ndogondogo. Hilo lilimchoma kuliko hasira.

Jioni ilipokaribia fundi saa akamsindikiza hadi njia panda, akasimama mpaka kitambaa cha kichwani mwake kikapotelea miongoni mwa watu. Kisha akageuka kurudi, akitembea polepole, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwahi.