Koti la Nyumba Mia

Haya alinihadithia Cuixia mwenyewe, mwaka jana, tukipukuchua mahindi uani kwake.

Binti yake, Lingzhu, alizika mtoto mchanga huko mjini kwa mumewe, akarudi kwa mama yake kama gogo. Hasemi, hali. Uji wa mtama unapoa mbele yake mpaka unafanya utando. Cuixia ni mshonaji, na dawa aijuayo ni sindano na uzi. Akaazimia kumbunia koti la nyumba mia, lile tunalomshonea mtoto mgonjwa kwa viraka vya kuombaomba, ili uhai wa watu wengi umkinge.

Akapita mlango kwa mlango. Mingi ina kufuli, wenyewe wamekwenda viwandani. Jirani yake, Mama Hou, waliyezoea kuitana wifi, akamcheka.

“Wifi, hilo koti la watoto! Lingzhu mwenye makalio kama yangu, si utamaliza vitambaa vya wilaya nzima?”

“Nipe kiraka, wifi. Maneno utanipa kesho.”

“Haya, shika. Na usiniulize kimetoka wapi, mwombaji hachagui.”

Ndiyo desturi yenyewe: kiraka hupokelewa kwa mikono miwili, wala hakiulizwi asili. Cuixia hakuuliza.

Akashona. Rangi za moto akaziweka kifuani, ndani akatia pamba laini, mikono akaiacha mipana mtu aweze kujikumbatia. Lingzhu akakubali kuvishwa. Akawa anapapasa viraka, kimoja baada ya kingine, uso ukilegea kidogo kidogo, hata mama mtu akakimbilia jikoni kupasha uji.

Aliporudi, kidole cha binti kilikuwa kimesimama juu ya kitambaa chekundu chenye samaki wadogo.

“Mama, hiki nilifungia mayai mekundu ya kugawa kwa furaha. Mwanangu alipotimiza mwezi. Yako yalikuja kapuni, ya majirani niliyafunga hivi.”

Cuixia akashika mkasi. “Sikujua, mwanangu. Nitakifumua sasa hivi.”

“Ukifumua ndiyo atarudi?”

Akalivua koti, akalikunja vizuri kama nguo ya mgeni, akalisukuma kando, akageukia ukuta. Cuixia akamwita, akambembeleza, akamsogezea bakuli. Jua halijazama bado, binti akapitiwa na usingizi.

Mama akapanda kitanda cha matofali, kile kinachopashwa moto kwa chini, akajilaza nyuma yake. Hakuwa na kingine cha kushona. Akamsikiliza akipumua mpaka naye akalala.