Hodi kwenye Masafa ya Machano

Muzna alifunga mitambo yake juu ya paa la soko la samaki la Chwaka, akaanza kupima huku akifukuza inzi. Kampuni iliyomwajiri ilitaka kupitisha intaneti ya mahoteli ya Paje kwenye masafa ya zamani ya redio za upepo, zile wavuvi walizoitania baharini. Wavuvi wote sasa wana simu, kwa hiyo masafa yale yalidhaniwa matupu. Mtambo ungepiga hodi kwanza. Asipoitika mtu, uingie. Jambo hilo lilimkera Muzna tangu mwanzo. Kwao Ng'ambo, hodi isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka.

Njia ya kwanza, ya bei rahisi, ilipima nguvu za mawimbi tu, ikasema hamna mtu. Ya pili ilitafuta mpangilio wa mawimbi chini ya makelele. Baada ya sala ya alasiri ikamkuta Machano, mvuvi aliyezama na boti yake mwaka jana, anamuuliza mkewe kama kisamvu keshakitia nazi.

Muzna akaenda kuhakikisha kwa mke mwenyewe, Bi Riyama. Redio ya upepo ilitundikwa jikoni, karibu na meko. Bi Riyama alimwambia ndiyo, mume wake huyo, huzungumza naye kila siku hadi magharibi, na kama ana shida amsubiri amalize.

Bosi wake Muzna, Talal, akaja kutoka Mjini hadi jikoni mle, kanuna. Hakubisha kwamba marehemu huzungumza. Aliuliza tu kama marehemu huyo ana leseni. Muzna, kachoka naye, akamwambia masafa yale ni nyumba yenye mwenyewe, hata kama sauti yake ndogo. Talal akaishika redio.

"Hodi, Mzee Machano. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Karibuni ndani."

Mtu mwenye adabu zake angejibu nini tena? Talal akairudisha redio ukutani, akasema mwenyewe karidhia.

Sasa jikoni mle husikika mikwaruzo tu, na wageni wa Paje wanatazama filamu zao. Kampuni iliisifu sana njia ya pili, ikanunua ya kwanza.

Muzna bado hupanda paani baada ya alasiri, kwa hasira zaidi kuliko kazi. Mtambo wake humpata Machano kule chini ya filamu, ingawa husikiliza tu, hauwezi kumjibu. Akishamsikia humpigia simu Bi Riyama.

"Leo anauliza kama wageni washakula."

Bi Riyama alifunika chungu kwanza.

"Mwambie washakula. Na kilichokuwa changu nacho washakila."